Figo Iliyonuna

Figo ikikaa kwenye barafu muda mrefu, hununa. Ndilo neno letu sisi watunzaji, na vitabu vina maneno yao marefu ambayo sijawahi kuyahitaji. Unaitoa kwenye deli ya barafu, unaiunganisha kwenye mtungi, unaipitishia damu ya kiwandani yenye joto la mwili wa mtu, na yenyewe inakaa tu. Inapokea damu, inarudisha rangi nzuri, lakini mkojo haitoi. Ukiisubiri, mara nyingi huamka baada ya siku tatu, nne, hata kumi. Shida ni kwamba siku hizi hakuna anayesubiri.

Naitwa Subilaga. Nina miaka ishirini na moja katika Nyumba ya Mitungi ya Tukuyu, na kazi yangu, nikiisema bila kuipaka poda, ni kupima mkojo. Mashine husoma saa ya sita tangu figo iunganishwe. Iliyofikisha mililita mia na hamsini inaingia kwenye orodha ya nchi nzima, na orodha yenyewe inaitafutia mtu. Isiyofikisha inarudishwa kwao. Sheria ya Marejesho ilitungwa kwa nia njema, baada ya watu kugundua kwamba figo zilizokataliwa zilikuwa zinachomwa pamoja na bandeji chafu. Tangu hapo kila kiungo kisichotumika kinarudi kwa ndugu, kikazikwe na mwenyewe.

Ndiyo maana huku kwetu kaburi la aliyetoa kiungo halimwagiwi zege mpaka mama mzazi aje mwenyewe kupokea salamu. Salamu ni tarakimu ile ya saa ya sita. Ikiwa nzuri, mama anarudi nyumbani, zege linamwagwa, matanga yanaanuliwa. Ikiwa mbaya, anarudi na deli. Nimekabidhi deli kumi na moja maishani mwangu. Mama mmoja alikataa kuipokea, akaiacha getini kwenye mvua, na kesho yake mimi ndiye niliyempelekea hadi mlangoni kwake.

Figo ya Ambakisye ilinifikia ikiwa imekaa saa ishirini na mbili kwenye barafu. Alikuwa fundi wa paneli za jua, kijana wa miaka ishirini na sita, akaanguka kutoka paa la ghala huko Makambako. Figo moja ilipasuka palepale. Ya pili waliitoa vizuri, wakaipakia kwenye droni, na droni ikakutana na ukungu wetu. Ikatua yenyewe kwenye shamba la viazi pale Isongole, karibu kabisa na sisi, ikasubiri anga lifunguke. Kanuni inakataza mkono wa mtu kugusa sanduku la droni njiani. Gari lililobeba mwili likapita barabarani, likaiacha figo shambani, na marehemu akazikwa asubuhi kwao Masukulu kabla figo yake haijaingia mtungini kwangu.

Saa ya tano nilipotazama chupa ya kupimia, kulikuwa na mililita kumi na tisa.

Mama yake alikuwa amekaa kwenye benchi la ukumbini, udongo wa kaburini bado uko kwenye viatu vyake. Nilimpelekea chai, kwa sababu ndivyo tunavyofanya, na pia kwa sababu nilitaka kuiona sura yake kabla sijaiharibu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Anaendeleaje?"

Wote huuliza hivyo, kana kwamba kuna mgonjwa wodini.

"Bado saa moja tujue," nikamjibu.

Alishika kikombe kwa mikono miwili asinywe. "Nikwambie kitu. Karatasi ile ya kumtoa figo niliisaini peke yangu. Baba zake wadogo walikataa, walisema namkatakata mtoto wao. Leo pale kaburini hakuna aliyenisemesha, gwe mwanangu, hata mmoja." Akaniangalia. "Ikirudi, watasema nilimkata bure. Na ni wao watakaoshika majembe kumfukua. Nimemzika leo, mwanangu. Usinifanye nimfukue kesho."

Nilimwambia anywe chai isipoe. Moyoni nilikuwa nimeshaamua, na sitajifanya kwamba nilipigana sana na nafsi yangu. Nilimhurumia, basi.

Kwenye kabati letu kuna dawa ya kukojoza, ya kawaida kabisa, ile wanayopewa wazee waliovimba miguu. Ukitia matone kumi na mawili kwenye mrija wa damu, hata figo iliyonuna inaachia maji. Lakini ni maji tu. Uchafu unabaki kwenye damu, kwa sababu figo yenyewe bado haijaanza kuchuja. Mitungi ya miji mikubwa inaonja mkojo na kuutambua. Wetu unahesabu ujazo tu, na huo unaoonja tumeahidiwa tangu nikiwa bado nasuka nywele nyeusi.

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Figo za kundi lake la damu zilikuwa zinakaa mtungini siku nane au tisa kabla ya orodha kuzipatia mtu. Siku tisa kwenye joto zingetosha kuiamsha. Mama angepata salamu yake leo, figo ingepata muda wake, na uongo wangu ungegeuka kuwa kweli bila mtu kujua.

Saa ya sita mashine ilisoma mia na sitini na tano. Nilitoka nikampa mama tarakimu. Aliirudia mara mbili ili asiisahau njiani, kisha akanishika kichwa kwa mikono yote miwili kama mtu anayembariki bintiye.

"Ndaga, mwanangu," akasema. "Ndaga fijo."

Asante ile bado inaniuma.

Dakika arobaini baadaye orodha ilipata mtu. Mwanamke wa Njombe, amelazwa Mbeya, miaka thelathini na nane, damu imeoana naye karibu kabisa. Droni ilijiita yenyewe, na mkono wa mtungi ukaanza kuifunga figo kwenye sanduku. Kitufe cha kuzuia kilikuwa usawa wa kiwiko changu. Dirishani nilimwona mama yuko getini anasubiri gari, anamhadithia mlinzi ile tarakimu. Nikikibonyeza, ningelazimika kumwita arudi, nimkabidhi deli. Nilisimama nikawatazama wote wawili, mama na sanduku, mpaka wote wakaondoka.

*

Aliyepewa figo anaitwa Enesia Chaula, mwalimu wa hesabu. Sisi watunzaji haturuhusiwi hata kujua majina ya wagonjwa, seuze kwenda kuwaona. Siku ya nne nilivaa koti langu la kazi, nikaenda Mbeya hadi hospitali iliyoandikwa kwenye sanduku la droni, nikasema nimekuja kukagua mipira ya mkojo. Hakuna aliyeniuliza swali, kwa sababu mwenye koti jeupe haulizwi.

Mfuko wake ulikuwa umening'inia pembeni ya kitanda, mkavu.

"Karibu, dada," akasema. "Na wewe umekuja kuhesabu? Leo matone manne. Jana matatu. Kwa mwendo huu nitajaza kijiko cha chai kabla sijastaafu."

Alikuwa amekonda mpaka macho yamekuwa makubwa kuliko uso, lakini mzaha ulikuwa haujamtoka. Nilijifanya nakagua mpira.

"Miaka sita sijakojoa, unajua hilo?" akaendelea. "Watu hawajui walichonacho. Mwanafunzi ananyoosha kidole, mwalimu naomba kwenda chooni, na mimi nimesimama pale ubaoni namwonea wivu."

"Unajisikiaje, mwalimu?"

"Kuna kitu kinavuta hapa." Akaweka kiganja chini ya tumbo, upande wa kulia. "Si maumivu ya kidonda, hayo nayajua. Ni kama kuna mtu anajinyoosha. Nawaambia wauguzi, wanatikisa kichwa tu. Dada, nimesoma mimi. Kabla ya mitungi, figo zilikuwa zinatoka kwenye barafu moja kwa moja zinaingia kwa mtu, na nyingine zilichelewa kuanza wiki mbili, wiki tatu. Walikuwa wanamsafisha mgonjwa damu huku wanasubiri. Sasa kwa nini sisi tunapewa siku saba?"

Jibu nilikuwa nalo. Kanuni ya siku saba imezaliwa na mtungi wenyewe. Figo iliyokojoa mtungini inatarajiwa kukojoa mwilini siku hiyohiyo. Ikikaa wiki nzima kimya, wanasema mwili umeikataa, inatolewa, na zamu yako imekwisha. Kila mtu katika nchi hii ana zamu moja tu ya figo, maana ni chache na wanaozihitaji ni wengi. Aliyemaliza zamu hupewa miaka miwili ya kusafishwa damu, kisha kitanda chake hupewa mwingine. Watu wa zamani walikuwa na vifaa vibovu na subira. Sisi tuna vifaa vizuri.

Mlango wa kutokea ni mmoja. Ikithibitika kabla ya siku ya saba kwamba kosa ni la Nyumba ya Mitungi, mgonjwa anarudishiwa zamu yake na nafasi yake kwenye foleni. Lakini figo inatolewa mara moja, iwe imeamka au haijaamka, kwa kuwa hati yake ni ya uongo.

Enesia alikuwa ananiangalia. "Nikuombe kitu, dada. Huko mnakopimia, kama kuna jambo, niambieni. Hesabu ngumu naifanya, hata kama jibu lake ni baya. Nisiyoiweza ni ile iliyofichwa tarakimu."

Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka. Ningeweza kumwambia yote pale pale, nikamwachia achague: kusubiri figo ambayo mimi mwenyewe naamini itaamka, au kuilinda zamu yake. Badala yake nilimwambia asiwe anakunywa maji mengi kwa mara moja. Nikakunja pazia, nikaondoka.

*

Siku ya tano, baada ya chakula cha mchana, niliingia ofisini kwa Daktari Kihwele, mkuu wetu. Ni mtu wa Iringa, mpole, mwenye tabia ya kukoroga chai isiyo na sukari. Nilimweleza kuanzia mililita kumi na tisa hadi kitufe. Alikoroga mpaka nikamaliza.

"Matone mangapi?"

"Kumi na mawili."

"Mara ya kwanza?"

"Ya kwanza na ya mwisho."

"Ya mwisho, ndiyo," akasema. Akaweka kijiko chini. "Ungekuwa mvivu au mlevi, Subilaga, ningejua niseme nini. Wewe ndiye ninayekutolea mfano kwa wapya."

"Daktari, ile figo haijafa. Imenuna. Nimeziona nyingi. Ipewe siku tano tu, na zamu ya yule mwalimu ilindwe."

"Sheria haina chumba hicho. Nikiandika kosa ni letu, inatoka kesho asubuhi. Nisipoandika, inasubiri hadi keshokutwa jioni, na isipokojoa, mwalimu hana zamu tena." Akanitazama juu ya miwani. "Yeye anasemaje?"

"Hajui."

"Ulikwenda hadi kitandani kwake, ukakagua mpira, na hukumuuliza?"

"Nilijua angesema nini."

"Angesema nini?"

Nilijua angesema tusubiri, na mimi nilikuwa naogopa kusubiri kuliko yeye. Kama ingelala hadi siku ya saba, angekufa baada ya miaka miwili kwa mkono wangu. Nikikiri leo, angalau zamu yake ingebaki. Hivyo ndivyo nilivyojitetea, na utetezi ule ulikuwa na kweli ndani yake, ndiyo maana ulinilevya.

Daktari Kihwele alivuta kibao chake, akaandika. Mgonjwa haombwi saini kwenye kosa la Nyumba. Anaarifiwa tu.

*

Waliitoa asubuhi ya siku ya sita. Muuguzi aliyempeleka Enesia chumba cha upasuaji aliandika kwamba mfuko ulikuwa na matone kumi na moja, na kwamba mgonjwa alikuwa analia bila kelele. Enesia aliacha ujumbe kwa Nyumba ya Mitungi, na mkuu wangu akanisomea kama ulivyo: "Ningesubiri. Mwambieni aliyesema kwamba mimi ningesubiri."

Figo haiwezi kurudishwa kwa ndugu bila hati ya sababu, na hati haitoki bila kusomwa mara ya mwisho. Kanuni inataka aisome yule yule aliyeisoma mwanzo. Nilikuwa nimeshanyang'anywa ufunguo wa kabati, na mlinzi alisimama mlangoni, mtu niliyemchezea ngoma kwenye harusi ya binti yake, sasa hajui aangalie wapi. Niliiunganisha kwenye mtungi saa tano asubuhi. Mishipa yake ilikuwa imebaki mifupi, imekatwa mara mbili, ikawa kazi kuifunga.

Saa ya kwanza haikutoa kitu.

Saa ya pili ilitoa mililita tano, na nikasema ni masalia.

Saa ya tatu nilisikia. Ukikaa na mitungi miaka ishirini unaujua mlio wa mkojo unaoanza kushuka kwenye chupa ukiwa mwingi. Nilisogea. Ulikuwa wa njano, na ulikuwa na harufu. Ule wa matone ya dawa hauna harufu yoyote. Huu ulinuka mkojo halisi, wa mtu aliyeamka asubuhi, na mimi nikapiga magoti pale kwenye vigae nikaanza kulia mpaka mlinzi akamwita daktari.

Saa ya sita mashine ilisoma mia nne na kumi.

Daktari Kihwele alisogea mbele ya chupa. Alichovya karatasi ya kupimia, akaiangalia rangi, akachovya nyingine.

"Inachuja," akasema.

"Tuirudishe. Yuko saa moja kutoka hapa."

"Irudi ikafungwe na nini? Kuna mshipa hapo wa kushika uzi mara ya tatu?" Sauti yake ilikuwa imepanda, kisha ikashuka. "Na hata ungekuwepo, hati imeshafutwa. Kwenye orodha hii figo haipo."

Alizima mtungi yeye mwenyewe, kwa sababu mimi sikuweza. Mkojo uliendelea kudondoka kidogo, kisha ukakoma. Nikaleta deli.

*

Anayetoa salamu ndiye anayepeleka deli, na hilo hawakuniondolea. Siku ya saba asubuhi nilishuka Masukulu. Polisi walikuwa wamenipa hadi saa tisa mchana niwe nimejisalimisha.

Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, kando ya migomba. Lilikuwa limeshamwagiwa zege, laini, zuri, na jina lake limeandikwa kwa kidole kabla halijakauka. Mama alinipokea mwenyewe. Baba wadogo wawili walikuwa wamekaa kwenye viti chini ya turubai la msiba ambalo lilikuwa bado halijarudishwa kwa wenyewe, wakaiona deli, wakaacha kuongea. Nikajua kwamba siku tano hizi walikuwa wameanza kumsemesha tena.

"Shikamoo mama."

Aliangalia deli, hakuitikia.

Nilimweleza nikiwa nimesimama, na sikuficha kitu. Mililita kumi na tisa, matone, Enesia, siku sita, kutolewa. Nilimweleza pia mililita mia nne na kumi, kwa sababu hiyo ilikuwa ya kweli na nilidhani ni zawadi. Nilidhani akijua kwamba figo ya mwanawe iliamka, kwamba alikuwa sahihi kusaini, itamsaidia kitu.

"Iliamka, mama. Ilifanya kazi nzuri sana, kuliko nyingi nilizowahi kuona. Kama imepotea bure, si kwa kosa lako. Kosa ni langu."

"Uliniambia ngapi siku ile?"

"Mia na sitini na tano."

"Na leo?"

"Mia nne na kumi."

Alitikisa kichwa polepole, bila hasira, kama anayesikiliza muuzaji asiye na haya. "Unaongeza," akasema.

"Mama, hii ni kweli. Daktari alikuwepo, aliona."

"Siku ile nilikuomba usinifanye nimfukue. Nilikuomba, ndiyo. Lakini sikukuomba unidanganye. Ungeniletea deli siku ile, udongo ulikuwa bado laini. Ningelia siku moja." Akawageukia shemeji zake. Hakuna aliyeinuka kwenye kiti. Mmoja alikuwa anatazama migomba. "Hao hawatashika kitu. Nawaona hapo walivyokaa."

Akaenda ukutani, akarudi na sururu. Alikuwa anaiburuta, maana ilikuwa nzito kwake. Akanipokonya deli mkononi, akaikumbatia kifuani, na sururu akanipa mimi.

"Ulilifunga wewe," akasema. "Lifungue."

Nilivua koti jeupe nikaliweka kwenye nyasi. Nilianzia upande wa miguu, mbali na jina. Zege la siku tano bado halijakomaa, lakini lilikuwa limeshika, na pigo la kwanza halikuacha hata alama.